Unga Mbele ya Televisheni

Abilahi alikuja kwangu asubuhi, ameshika karatasi iliyokunjwa kama watu wanavyofunga karanga. Alisema shikamoo akiwa amesimama mlangoni. Nikamwitikia marahaba, nikamsogezea kigoda, hakukitazama. Akaifungua ile karatasi mbele yangu. Ndani kulikuwa na unga.

"Mama, unga huu unaujua?"

Nikauchota kidogo nikausugua kwa vidole. Ulikuwa wa mtama, wa kutwanga kwa kinu, si wa mashine.

"Ni unga wa mtama," nikasema. "Kuna nini?"

"Umemwagwa bandani kwangu, chini ya televisheni. Wala si mara moja. Na anayeumwaga ni mjukuu wako Devota, leo nimemkuta kwa macho yangu. Mama, mimi nimekukosea nini?"

Abilahi alikuwa kijana wa Miteja. Wakati ule kila mtu alikuwa ameruhusiwa kufanya biashara, na vijana walikuja hapa Kiranjeranje kununua ufuta. Yeye alipopatapata kidogo akajenga banda la video kando ya barabara, akaleta jenereta na televisheni kutoka Dar es Salaam. Jioni alionyesha picha za mapigano kwa wakubwa, na mchana watoto walicheza gemu. Sasa jenereta lilikuwa likizimika ovyo, na wiki ile televisheni ilitoa moshi nyuma. Halafu anakuta unga.

Wasiotoka kwetu huenda wasielewe kwa nini hakutaka hata kukaa. Unga ukiuona umemwagwa mahali pa biashara, hujiulizi umemwagika vipi. Unajiuliza nani anakufunga kwa uchawi. Na mwaka uleule kijiji cha pili kuna mtoto alitajwa hivyo. Alinyolewa, akachanjwa chale, akahamishwa kwa ndugu wa mbali. Hakurudi shuleni. Hata wenzake waliacha kulitaja jina lake.

"Abilahi mwanangu," nikamwambia, "umeshamwambia mtu?"

"Nimemwambia Sixbert. Nimemkuta pale kwenye mzani wa ufuta."

Basi nikajua kuwa maneno yameshafika pabaya. Sixbert ni mwanangu wa kwanza. Alikuwa akiishi Lindi mjini, na siku zile alikuja kununua ufuta. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Bibi anapika, anaogesha, anauguza, lakini mjomba akisema mtoto aondoke, anaondoka.

Devota alikuwa mtoto wa Rosemary, binti yangu. Rosemary aliugua muda mrefu, ule ugonjwa ambao miaka ile tulikuwa hatuutaji. Alilala hospitali Lindi na mimi nikawa naye. Devota nikamwacha hapa kwa jirani yangu Hamida. Zikaja zile mvua kubwa zilizokata barabara, mto Mbwemkuru ukajaa, magari yakalala ng'ambo na ng'ambo. Rosemary alifariki mvua inanyesha. Tukampeleka Rondo, kwa wazee wetu, tukamzika huko na matanga tukakaa huko. Mtoto hakuwapo.

Sixbert akasema mbele ya ukoo, "Devota asiambiwe. Ni mdogo. Mwambieni mama yake amesafiri, kaenda kutafuta kazi. Akikua atajua." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo watu walivyofanya kwa watoto, na hata mimi nilipokuwa mdogo niliambiwa hivyohivyo juu ya baba yangu. Wote tukakubali.

Nilirudi Kiranjeranje nikiwa mfiwa ambaye hana msiba. Hamida alijua, majirani walijua, lakini mtoto yuko uani, kwa hiyo hakuna aliyekuja kukaa nami mkekani. Nilikuwa nalia shambani. Nikifika katikati ya ufuta naweka jembe chini, nalia, halafu nanawa kwa maji ya kibuyu, narudi nyumbani kupika.

Devota hakuuliza lolote. Mwanzo hilo lilinipumzisha, baadaye likaanza kunitisha. Mtoto aliyekuwa akiongea mpaka usingizini sasa alijibu tu alipoulizwa. "Umekula?" "Nimekula." "Umeshiba?" "Nimeshiba." Akaosha sahani yake, akakaa.

Kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani, banda la Abilahi.

Jinsi alivyokutana na lile gemu amenisimulia mwenyewe mara nyingi, siku hizi ni mtu mzima, ni mwalimu Mtwara na ana watoto wake. Nilikuwa nimemtuma mafuta ya taa, mvua ikamkamata, akajibanza kwenye kibaraza cha banda. Ukuta ulikuwa wa mabanzi, na kati ya banzi na banzi kulikuwa na upenyo. Akatia jicho.

"Niliona jumba la mawe, Bibi," huwa anasema, "juu ya kilima, na mwezi mkubwa kuliko wa kwetu. Nikadhani ni yale magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyo kwenye kitabu chetu cha shule, ila haya yalikuwa na watu. Na kinanda kilikuwa kinalia, kama cha kanisani, lakini kanisa ambalo watu wote wametoka."

Ndani ya jumba hilo alikuwa akitembea mtu mwenye koti refu, ameshika taa ya chemli. Sakafu ilipasuka, wafu wakatoka. Popo walimwangukia kutoka darini. Picha za ukutani zilimfuata kwa macho. Mwenye jumba alikuwa bwana mmoja aliyekufa zamani akakataa kuondoka, na watoto wa hapa walimwita Mwenye Nyumba. Alipotokea walipiga kelele, "Mwenye Nyumba huyo! Kaja kudai kodi!" Wakacheka, lakini walisogeleana kwenye benchi.

Devota anasema aliogopa sana. Na kesho yake akarudi.

Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa gemu lile lina wadogo zake, la pili, la tatu, kama watoto wa tumbo moja. Devota ameyafuata yote. Likitoka jipya analitafuta mpaka alipate, anacheza na wanawe, wanapiga mayowe nyumba nzima. Nimewahi kumuuliza, "Mama, mtu mzima na hofu za kununua?" Akasema, "Bibi, hofu ile naijua. Niliizoea nikiwa mdogo, sasa ni kama mtu wa nyumbani."

Lakini siku zile alikuwa mtoto wa kike peke yake bandani. Abilahi alimruhusu kucheza kwa sababu asubuhi alimfagilia. Wavulana hawakumwacha salama.

"We, nenda kacheze mdako na wenzako!"

"Muacheni, atakufa mlango wa kwanza."

Hakufa mlango wa kwanza. Alifika mbali kuliko wao, mpaka kwenye chumba kimoja cha nyuma. Hapo kulikuwa na kaburi la mwanamke. Yule mwenye taa akilikaribia kaburi na ukibonyeza chini, anapiga magoti. Taa yake inajaa mafuta tena, na akija kuuawa mbele ya safari, hapo ndipo anapoanzia. Wavulana walipiga magoti haraka haraka wakaendelea na vita. Devota akifika hapo, alikaa. Hakusogea.

"Piga hatua, we! Umelala?"

"Huyu anacheza gemu au anasali rozari?"

Walimnyang'anya kile cha kushika mkononi wanachokiita pedi, naye akatoka bila ugomvi. Mambo haya yote wakati ule sikuyajua. Niliyajua siku ya unga.

Sixbert alifika adhuhuri. Hakula.

"Mama, nimeshasikia. Kesho kuna lori la Lindi, Devota anaondoka na mimi. Nampeleka Rondo kwa wazee, wamtazame."

"Wamtazame nini?"

"Mama, unajua. Mtoto haongei, hacheki, anashinda mbele ya picha za mashetani, halafu anamwagia watu unga. Unataka niseme nini? Nikimwacha hapa watu watakuja wenyewe kumtoa."

"Wakimtazama huko wakasema ndiye?"

Akasema, "Watakachosema tutakifuata."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya uongo. Lakini niliona pia kwamba akipanda lori lile na mtoto, Devota harudi. Atakuwa yule mtoto wa unga mpaka uzee wake. Ukoo utampokezana kama chombo chenye ufa, na mimi nitakufa nikiulizwa na Rosemary, "Mwanangu umempeleka wapi?"

"Sikukatalii," nikamwambia. "Wewe ni mjomba. Ila mimi sijaona kitu. Abilahi ameona, wewe umesikia, mimi ndiye ninayelala naye sijaona. Twende bandani anionyeshe. Nikiona, utafanya unavyotaka."

"Mama, ukaangalie gemu?"

"Nimeangalia mengi. Hilo halitanishinda."

Nikamwita Devota. Alikuwa uani anapepeta mchele, na nadhani alisikia yote. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, chukua kile unachopelekaga kwa Abilahi. Usiogope." Akaingia jikoni, akatoka na jani la mgomba limekunjwa. Unga alikuwa anauchota kwenye kikapu changu, ule ninaouweka kwa ajili ya tambiko. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa tangu mtoto mchanga, lakini wazee wetu hatukuwaacha. Palipo na jambo zito, ugonjwa au safari, nauchota unga wa mtama naumwaga taratibu nyuma ya nyumba, nawataja kwa majina. Devota alikuwa akiniona tangu anatambaa.

Tulikwenda mimi, Sixbert na Devota, Hamida akatufuata. Abilahi aliwatoa wavulana nje, wakang'ang'ania kwenye mabanzi kuchungulia. Ndani kulikuwa na joto, kunanuka petroli. Abilahi alilivuta jenereta mara nyingi ndipo likawaka. Hakutaka kumkaribia mtoto. Alimwekea ile pedi kwenye benchi akarudi nyuma.

"Onyesha, mama," nikamwambia Devota. "Onyesha kama unavyofanyaga."

Nikaliona hilo jumba. Sitasema sikuogopa. Kinanda kilipoanza Hamida alitaja jina la Mungu wake na mimi nikataja la wangu. Devota alimwendesha yule mtu na taa yake, akapita kwa wafu kama mtu anayepita sokoni kwenda kisimani. Mikono yake midogo ilijua kila kona. Sixbert alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Akafika kwenye kile chumba. Kinanda kikashuka, ikabaki sauti moja nyembamba. Kaburi lile lilikuwa la jiwe jeupe. Yule mtu akapiga magoti. Devota akaweka pedi chini, naye akapiga magoti pale chini kwenye mavumbi, mbele ya televisheni. Akafungua jani. Akauchota unga kwa vidole vitatu, kama mimi, akaumwaga taratibu, kama mimi, mpaka ukafanya kichuguu kidogo.

Akasema, na sauti haikuwa ya kitoto:

"Mama Rosemary. Ni mimi Devota. Nimekuja kukuamkia. Bibi ni mzima, anapalilia ufuta. Mimi ni mzima. Usikasirike, kwako sikujui. Unga huu pokea, uwape na wazee ulio nao."

Jenereta lilikuwa linanguruma nje, Sixbert akashusha mikono kifuani.

"Nani kamwambia?" Sixbert ndiye aliyesema. "Mama, nani kamwambia? Hamida, ni wewe?"

"Mimi? Mdomo wangu huu? Wallahi sijasema."

Devota hakuinuka. Alijibu akiitazama televisheni. "Hakuna aliyeniambia, Mjomba. Mama mdogo Brigita alikuja kututembelea, alikuwa amevaa kitenge cha mama. Na viatu vya mama. Mtu akisafiri nguo zake hazigawiwi."

Brigita ni binti yangu wa mwisho. Ni kweli nguo za marehemu tulizigawa kule Rondo siku ya kuondoa matanga, kama inavyotakiwa, naye alivaa alichopewa. Hatukufikiri. Watu wazima tulikuwa tumeulinda mdomo, tukasahau kitenge.

"Sasa mbona hukusema kitu?" nikamuuliza. "Mbona hukuniuliza mimi?"

"Nyie mlikuwa mnaficha, Bibi. Nikaona nikisema mtalia." Akafuta vidole kwenye gauni. "Kaburi lake sijaliona. Mimi nimeliona hili tu."

Hapo sijui kilichonipata. Kile nilichokuwa nakiacha shambani kila siku chini ya ufuta kilipanda chote kwa mara moja. Nikapiga yowe, si kilio cha kificho, yowe la msiba, lile ambalo mwanamke analipiga maiti ikitoka mlangoni. Nikakaa chini palepale, nikavua kitambaa kichwani. "Rosemary! Rosemary mwanangu!" Hamida akalipokea. Kwa wanawake wa hapa, mmoja akipiga yowe la namna ile mwingine haulizi, anapokea, na aliye nyumba ya tatu anapokea kwa yule. Kabla sijavuta pumzi ya pili watu walikuwa wanakuja mbio barabarani, mwanamke ana unga wa ngano mikononi, mwanamume ana panga la shamba, wakijua pana mtu amekufa bandani kwa Abilahi.

"Nani? Nani kafa?"

Sixbert alikuwa ameshika nguzo ya mlango, uso ameuficha kwenye mkono. Nilimwona Abilahi akimtazama, kisha akamtazama Devota pale chini na unga wake. Nikashika roho yangu, maana wakati ule lililobaki lilikuwa neno lake. Watu walikuwa wamejaa, na wengi walishaisikia habari ya unga tangu asubuhi. Angeweza kusema lolote.

Akatoka mlangoni.

"Rosemary," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Rosemary binti wa Mama Sixbert, mama yake Devota. Alifariki Lindi wakati wa mvua. Hapa kwetu msiba wake haukukaliwa. Unakaliwa leo."

"Na ule unga?" mtu akauliza nyuma huko. "Si ulisema—"

"Unga ni wa mtoto, anamwamkia mama yake. Mimi niliona vibaya." Halafu akamgeukia aliyeuliza. "Wewe kama huna la kufanya, kamata benchi hilo, tunayapeleka yote kwa Mama Sixbert. Watu wakakae."

Wakayatoa mabenchi yote. Wavulana walewale waliokuwa wakimzomea Devota walibeba, wawili wawili, hakuna aliyecheka. Lori la kesho yake liliondoka na magunia ya Sixbert, mwenyewe akabaki. Aliniambia maneno machache tu, usoni hakunitazama: "Mama, tukimaliza hapa nitampeleka Rondo. Kaburini. Twende wote." Nikamwambia, "Twende, baba."

Tulikaa matanga. Wanawake walileta mihogo, kunde, kuni, kila mtu alicho nacho. Waislamu walisoma dua, sisi tukasali rozari, mtu alikaa popote penye nafasi. Devota nilimkalisha kando yangu kwenye mkeka. Hakuchezacheza, hakwenda kwa watoto wenzake waliokuwa uani. Alikaa amekunja miguu, kanga mabegani, mgongo umenyooka.

Kila aliyeingia alinipa mimi mkono. "Pole, dada." "Pole, mama." "Pole, Bi Apolonia." Kisha walipita kwenda kukaa. Mtoto hapewi mkono msibani, si kwa ubaya, ndivyo ilivyo. Nilimwona anavyoifuata kwa macho mikono ile inayopita juu ya kichwa chake.

Asubuhi ya pili alikuja Abilahi, amevaa kanzu na kofia. Alinipa pole, nikaitikia. Nikadhani atapita kwenda kwa wanaume. Hakupita. Akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akamnyooshea mkono wa kulia, ameushika kiwiko kwa wa kushoto, kama mtu anavyomsalimia mkubwa.

"Pole, Devota. Pole kwa msiba wa mama."

Mjukuu wangu alitazama ule mkono. Akanitazama mimi. Nikamkubalia kwa kichwa. Akautoa wake kwenye kanga, akaupokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka Abilahi," akasema. "Tumeshapoa. Ni kazi ya Mungu."

Ndipo akaniegemea, akalia.